Sakafu ya Mama Cherehani

Mtaani kwake hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mama Mbao, basi. Mwanawe alipokuwa darasa la tatu, mwalimu aliandika juu ya bahasha, "Kwa mzazi, Mama Mbao," na barua ikafika bila aliyeibeba kuuliza njia.

Kazi yake ilikuwa mbao kuukuu. Nyumba ya zamani ikishahukumiwa kubomolewa, yeye hufika kabla ya tingatinga, mtaimbo begani na penseli imechomekwa kwenye kilemba, akang'oa sakafu, dari, milango na ngazi. Karakanani kwake mbao hizo hutolewa misumari mmoja baada ya mwingine, zikapigwa randa kidogo tu, zisipoteze sura yao, kisha zikaenda kuwa meza, rafu, kuta za mikahawa, na sakafu za watu wasiopenda ionekane kwamba nyumba zao zimejengwa jana.

Alikuwa na pua, huyu mama. Aliinua ubao, akaunusa mahali ulipokatwa, akasema, "Huu ulikuwa jikoni." Akainua mwingine: "Huu wa darasani. Bado una chaki na woga." Kuna mmoja aliunusa, akauweka chini polepole, akafuta mikono kwenye khanga. Hakusema ulitoka wapi. Ubao huo ulikaa nyuma ya karakana miaka sita, na hata mchwa hawakuugusa.

Ufundi alifundishwa na mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyemlea. Enzi hizo wanaume wa karakana ya jirani walikuwa wakimchokoza: "Wenzio wanashika mwiko, wewe unashika msumeno?" Naye anajibu bila kuinua kichwa, "Na wewe unashika nini, zaidi ya hicho kiti?" Mjomba anacheka mpaka randa inamtoka mkononi.

Mjomba alimpa mambo mawili ya kushika. La kwanza: sakafu ikitolewa ili boriti zilizooza zibadilishwe, halafu irudi palepale, kila ubao uandikwe namba tumboni kwa penseli, urudi mahali pake. La pili: sakafu ikihamia nyumba nyingine, mbao zichanganywe. Ya kwanza isiwe ya kwanza tena.

"Kwa nini, mjomba?"

"Changanya tu. Mbona maswali mengi kama karani wa sensa?"

Mjomba akafa na jibu lake. Mama Mbao akajitafutia lake mwenyewe. Mbao za sakafu huliwa na nyayo mahali watu wanapopita sana, akafikiri, kwa hiyo ukizichanganya vibonyeo vinatawanyika na sakafu inakuwa sawa. Jibu zuri, la kifundi. Alikaa nalo miaka thelathini bila kuhangaika.

Halafu ikaja nyumba ya Mama Cherehani.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, kuta zimevimba kwa unyevu. Mshona nguo aliyeishi juu kwa miaka mingi alikuwa amefariki, na mrithi wake, mpwa aliyeishi mbali, alisema anataka kuikarabati: boriti mpya, sakafu ileile. Kwa hiyo Mama Mbao na msaidizi wake wakapanda na mitaimbo. Msaidizi huyo alikuwa mwanamume wa makamo, ana wajukuu wawili, na watu walimwita Redio kwa sababu hazimiki.

"Mama, hebu tazama," Redio akasema, kwa mara ya kwanza akisahau hadithi aliyokuwa katikati yake. "Hii ni barabara!"

Ilikuwa barabara kweli. Mbao zilikuwa mvule, zimelazwa kukingama chumba, na kutoka kwenye kona yenye alama nne za miguu ya cherehani hadi kwenye mlango wa roshani, njia ya upana wa mtu mmoja ilikuwa imelika ndani ya mti. Iling'aa kama mfupa. Haikwenda moja kwa moja. Katikati ya chumba ilipinda kushoto, ikazunguka mahali pasipo na kitu, halafu ikarudi kwenye mstari wake.

"Palikuwa na meza hapo," Mama Mbao akasema. "Meza ya kukatia vitambaa." Akapiga magoti, akapitisha kiganja ndani ya njia ile. Ilikuwa ya vuguvugu. Akaangalia dirishani kuona jua limefika wapi. Jua lilikuwa upande mwingine wa nyumba.

Wakaandika namba, moja hadi arobaini na moja, wakazipanga karakanani. Wiki mbili baadaye mpwa akabadili mawazo. Nyumba ibomolewe, na mbao Mama Mbao azifanye apendavyo.

Aliyezipenda kupita wote alikuwa mkwe wake. Mke huyo wa mwanawe alikuwa mpambaji wa nyumba, mtu wa kutembea na vipande vya rangi mfukoni, na yeye na mumewe walikuwa wamemaliza kujenga. Ghorofani walitaka chumba kimoja kikubwa, yeye afanyie kazi upande huu na mtoto achezee upande ule. Alipoziona mbao zimelazwa uani kwa mpangilio wa namba, alishika mashavu.

"Mama, usiziguse! Hiyo njia ndiyo urembo wenyewe. Siku hizi watu wanalia wapate kitu kama hiki."

"Nitazichanganya, mwanangu. Ndivyo tunavyofanya."

"Ukizichanganya zitakuwa mbao tu. Zikiwa hivi, ni maisha ya mtu."

"Ndiyo hilo," Redio akadakia. "Mwenyewe atakaa wapi?"

"Redio, kunywa chai yako," wakasema wote wawili.

Mama Mbao alimpenda mkwe wake. Zaidi ya hayo, na hili hakulikiri kwa mtu, yeye mwenyewe alikuwa ameipenda ile njia. Kwa mara ya kwanza maishani akahamisha sakafu kwa namba zake, moja hadi arobaini na moja, na chumba kikaipokea kana kwamba kilipimwa kwa ajili yake. Tofauti ilikuwa moja. Pale ambapo nyumba ya zamani ilikuwa na mlango wa roshani, nyumba mpya ilikuwa na dirisha, pana na la chini, kwa sababu mkwe alitaka mwanga. Fundi wa kuchomelea alikuwa hajaleta nondo za dirisha. Kila Jumatatu alisema Alhamisi.

Mambo yalianza kwa kicheko. Mwanawe aliingia chumbani na kikombe cha chai, akafika katikati, akapinda kushoto, akazunguka, akaendelea.

"Unakwepa nini?" mkewe akamuuliza.

"Nimekwepa?"

Akarudia. Akakwepa tena. Mkewe akacheka, akainuka kumwonyesha mtu mzima anavyotembea kwenye chumba kitupu, na alipofika katikati nyonga yake ikajikunja yenyewe, kama ya mtu anayeogopa kujigonga kwenye pembe ya meza. Hapo kicheko kikapungua kidogo.

Halafu wakamwona mtoto.

Mjukuu wa Mama Mbao alikuwa na miaka minne. Walimwita Kijiko, kwa sababu alipoachishwa ziwa alishika kijiko na kukataa kukiachia wiki nzima. Mtoto wa kukimbia, wa kuruka, wa kuporomoka. Lakini kila siku saa kumi alasiri aliacha wanasesere wake, akainuka kwenye kona, akatembea. Hakukimbia. Alitembea polepole, mkono mmoja kiunoni, kama mtu aliyekaa kitako tangu asubuhi. Alifuata njia, akazunguka ile meza isiyokuwepo, akafika dirishani, akakinga macho kwa kiganja, akatazama barabara upande wa kulia kwa muda mrefu. Kisha alishusha pumzi. Pumzi ile, mkwe alimwambia Mama Mbao baadaye, haikuwa ya kifua cha mtoto.

"Anaiga," Mama Mbao akasema kwenye simu. "Watoto wanaiga."

"Anamwiga nani, mama? Hapa ndani nani ana maumivu ya kiuno?"

Siku ya tatu baada ya hapo simu ililia tena, na safari hii mkwe alikuwa analia pia. Aliingia chumbani saa kumi na dakika mbili akamkuta Kijiko amepanda dirishani, mguu mmoja ndani na mwingine nje, juu ya zege la uani. Alipomnyakua, mtoto alikasirika.

"Niache, nachelewa! Natoka nje kumwangalia. Si mlango uko hapa?"

Siku hiyohiyo Mama Mbao alikwenda ilipokuwa nyumba ya mshona nguo. Pamebaki rundo la matofali na ngazi ya zege iliyopanda hewani isifike popote. Ng'ambo ya barabara fundi viatu alikuwa na kibanda chake, na alikuwa nacho, alisema, tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi.

"Mama Cherehani? Nani asiyemjua! Alinishonea suruali ya harusi. Ilinibana, nikaoa hivyohivyo."

"Alikuwa anatembea sana ndani?"

Fundi viatu akaacha kugonga. "Kwa nini unauliza?"

"Sakafu yake iko kwangu."

Akaweka kiatu chini. "Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike. Miaka tisa. Shule ilikuwa inatoka saa tisa na nusu, na saa kumi mtoto anatokeza pale kwenye kona, kulia. Mama yake anaacha cherehani, anatoka roshani, anampungia mkono. Siku moja hakutokeza. Walimtafuta wee, mitaroni, mtoni, kwa ndugu. Hola. Basi mama akaendelea kutoka roshani. Kila siku, saa kumi. Miaka arobaini, mama. Sisi hapa tulikuwa tunarekebishia saa zetu kwake."

"Mpaka alipokufa."

"Alikufa amekaa kwenye cherehani yake, saa tisa na nusu. Watu wakasema afadhali, amepumzika." Fundi viatu akatazama ile ngazi isiyofika popote. "Mimi nikasema, jamani, amekufa nusu saa kabla. Hiyo si kupumzika."

Mama Mbao alirudi nyumbani. Sasa alijua kwa nini mjomba hakumjibu, au alidhani amejua. Kesho yake asubuhi, yeye na Redio waliing'oa sakafu yote ya chumba cha juu. Wakachanganya: ya tatu ikaenda karibu na ya thelathini, ya kumi ikapinduliwa kichwa chini miguu juu. Njia ikavunjika vipande arobaini na kimoja, vibonyeo vikazagaa chumba kizima kama madimbwi baada ya mvua. Mkwe hakusema neno juu ya urembo. Kabati likasukumwa mbele ya dirisha, na mwanawe akaenda mwenyewe kumganda fundi wa kuchomelea.

Saa kumi ilipofika wote walikuwa chumbani. Kijiko aliketi kwenye kona na wanasesere. Hakuinuka. Saa kumi na dakika tano, bado. Mkwe alifunika uso kwa mikono, mabega yakalegea. Redio akaanza hadithi ya binamu yake na punda.

Siku ya kwanza ikawa salama, na ya pili. Siku ya tatu Mama Mbao alikuja kumwona mjukuu, akamkuta amesimama katikati ya chumba, amenyoosha mkono mmoja juu, vidole vimekunjwa. Mtoto akishikwa mkono na mtu mzima husimama hivyohivyo.

"Kijiko, unafanya nini hapo?"

"Bibi, anazunguka tu."

"Nani anazunguka?"

"Yule mama. Tangu mlipoharibu, haoni pa kutokea. Anakwenda ukutani, anarudi. Anakwenda kwenye kona, anarudi." Mtoto alikuwa ananong'ona, kama watu wanavyonong'ona kwenye nyumba ya mgonjwa. "Analia, lakini hatoi sauti. Nimemwambia asilie, mimi najua njia. Nitampeleka."

"Utampeleka wapi?"

Kijiko akaelekeza kidole kwenye kabati, na dirisha lililokuwa nyuma yake.

Kabati lile lilihitaji wanaume wawili kulisukuma. Mama Mbao alilikagua. Lilikuwa limesogea. Si sana, upana wa kiganja cha mtoto. Vumbi la sakafuni lilionyesha mahali miguu ya kabati ilipokuwa jana. Nje, nondo za dirisha hazikuwa zimefika. Na hata zikifika, akawaza, yule mama atatafuta ngazi. Ataongozwa na mtoto huyu kwenye kila mlango na kila shimo la nyumba hii mpaka ampate huyo anayemtafuta.

Alimbeba Kijiko, akashuka naye chini, akamkabidhi kwa mama yake. Akaketi kwenye ngazi.

"Mama, tuzichome," mwanawe akasema. "Leo hii. Namimina mafuta ya taa uani, tunamaliza."

"Nilizichanganya tu, akapotea," Mama Mbao akasema. "Nikizichoma atakuwa wapi? Atashika mkono wa nani?"

Redio, aliyekuja naye siku hiyo, hakuwa na hadithi yoyote, na hilo lilimtisha Mama Mbao kuliko kabati. Kesho yake asubuhi, walipoanza kuzing'oa tena, Redio aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama, miaka thelathini hii, sisi tumechanganya sakafu ngapi?"

Aliona shule, zahanati, nyumba za wajane, chumba cha mzee mmoja aliyekuwa akitembea na fimbo. Aliona nyumba zote nzuri walizozipamba, na wenyewe wakijivunia mbao zao mbele ya wageni, na katikati ya kila chumba mtu anayegonga kuta kimyakimya, akitafuta mlango aliokuwa ameuzoea. Mjomba alijua hili? Alichanganya ili wafu wasizifuate mbao zao, au alichanganya bila kujua, kama yeye?

"Inua upande wako," akamwambia Redio.

Mbao zote arobaini na moja zilitoka chumba cha juu kabla ya adhuhuri. Mkwe na mumewe wakalaza mbao mpya za kiwandani, nyeupe, zisizonusa chochote. Za mvule zilipelekwa nyumbani kwa Mama Mbao. Alikuwa akiishi peke yake tangu mumewe afariki, kwenye nyumba ya chini, isiyo na ghorofa, ambayo sebule yake ilifunguka moja kwa moja barabarani, hatua moja tu na uko nje. Walitoa viti, meza na redio ya kweli. Wakageuza kila ubao, wakasoma namba iliyokuwa tumboni, wakazirudisha: ya kwanza kwenye kona ya ndani, ya arobaini na moja kwenye kizingiti cha mlango wa mbele. Chumba kilikuwa kifupi kwa ubao mmoja. Mama Mbao alikataa kuukata. Akavunja ukingo wa ukuta kwa tindo mpaka ukaingia.

Wakamaliza saa kumi kasorobo. Alifungua mlango wote, akauzuia kwa tofali. Redio alisema ana haraka, halafu hakuondoka. Walisimama pembeni, migongo imeegemea ukuta, kama watu wanaompisha mtu kwenye korido nyembamba.

Ubao wa kwanza ukalia. Mlio mfupi, kama kiti kinachosukumwa nyuma. Ukafuata wa pili. Wa tatu. Polepole, polepole, mbao zikalia moja baada ya nyingine kwenye sebule tupu, na Mama Mbao akajikuta anahesabu midomo ikimcheza. Zilipofika katikati sauti ikasogea kushoto, ikapinda, ikarudi kwenye mstari. Redio alivuta vidole vya miguu yake ndani zaidi. Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na moja.

Kimya. Pazia la mlango likasogea upande, bila upepo, likakaa limesogea.

Jioni mkwe alipiga simu. Kijiko alikuwa amelala mchana kutwa, akaamka saa kumi na moja na njaa ya simba, akavunja sahani, akakimbia, akaporomoka, akacheka. Alipoulizwa kuhusu yule mama, alisema, "Amekwenda kwa bibi," akaomba kuongezewa chakula. Nondo zilifika Alhamisi. Hazikuwa na haraka tena.

Mbao, kwa upande wake, zililia kesho yake pia. Na kesho kutwa. Mama Mbao alielewa kwamba amejipatia mpangaji wa maisha. Kila siku, hata awe na mteja anayengoja rafu yake, huweka randa chini robo saa kabla ya saa kumi, akatembea hadi nyumbani, akafungua mlango, mvua inyeshe isinyeshe. Wateja walizoea. Majirani wakasema mama wa watu anazeeka. Hakuwabishia. Hakuthubutu kusafiri.

Mwanzoni alikuwa akisimama pembeni tu, akingoja hatua zirudi kwenye kona ndipo afunge. Lakini kungoja ni kazi ngumu kwa mtu mwenye mikono ya kazi, na siku moja, zile hatua zikiwa zimesimama kizingitini, alisogea akasimama karibu, mahali ambapo hewa ilikuwa ya vuguvugu. Barabara ilikuwa imejaa watoto wanaotoka shule. Walipita wawili wawili, wakisukumana, viatu mikononi. Mama Mbao akakinga macho kwa kiganja. Alitazama upande wa kulia, kwenye kona, akipitisha macho uso kwa uso, akimtafuta mtoto wa miaka tisa ambaye hakuwahi kumwona. Watoto walipokwisha na barabara kubaki tupu, alishusha pumzi, na mkono wake mwingine, bila yeye kujua, ulikuwa umeshika kiuno.